Mfumo Mpya Ukibisha Hodi: Je, Zana Zetu Ziufungulie?

Ni kitambo sijaandika hapa, na najua mnaonidai makala mmechoka kungoja. Sikuwa mgonjwa wala sikusafiri. Nilikuwa nimekwama kwenye swali ambalo nilidhani nimelijibu kwa mistari miwili ya barua pepe, kumbe sikuwa nimelijibu.

Kwa wageni: mimi ni msanidi programu, nina ofisi ndogo hapa Voi. Mbali na kazi za wateja, ambazo ndizo zinazonipa unga, natunza plagini moja ya programu huria. Plagini ni kipande cha programu ambacho msanidi mwingine hukichomeka ndani ya programu yake ili asihangaike kuunda upya kitu kilichokwisha kuundwa. Hii yangu ina kazi moja tu. Inaiwezesha programu ya simu iliyoandikwa kwa Flutter kuzungumza, kupitia Bluetooth, na zile printa ndogo za risiti zinazobebwa mkononi. Niliiandika kwa ajili ya makarani wa kituo kimoja cha kukusanyia maziwa, nikaiweka mtandaoni bure, watu wakaichukua.

Mwaka 2025 nikapata barua pepe kutoka mbali. "Assalaam aleikum kaka," ilianza. "Mimi ni kijana wa Mombasa, niko Guangzhou, nafanya kazi kwenye ofisi ya mizigo." Akaeleza kwamba wanapokea bidhaa za wafanyabiashara wa kwetu, nguo, vipuri, vyombo, na kila kifurushi hubandikwa lebo kabla ya kuingizwa kwenye kontena la Mombasa. Lebo hizo zilichapishwa kwa programu aliyoitengeneza yeye mwenyewe kwa Flutter, na ndani yake mlikuwa na plagini yangu. Makarani wawili wa Kichina walikuwa wamenunua simu mpya za Huawei zenye HarmonyOS 5, na programu ikakataa kusakinika. "Hao wawili sasa wanaandika lebo kwa kalamu, kaka. Juzi mzigo wa mama mmoja wa Eldoret nusura uende Kampala. Plagini yako itaanza lini kuhudumia mfumo huu?"

Nilimjibu usiku uleule. Nikasema pole sana ndugu yangu, sina simu hiyo, sijui lugha yake, na siwezi kuahidi. Nikafunga tarakilishi nikalala.

Kwa nini nilikuwa mwepesi hivyo wa kukataa? Hapa lazima niwarudishe nyuma kidogo.

Mwaka 2013 nilikuwa nikitumia PhoneGap. Wazee wa kazi hii wanaikumbuka: unaandika programu yako kama ukurasa wa wavuti, yenyewe inaifunga ndani ya programu ya simu. Sifa yake kubwa ilikuwa ile orodha ndefu ya mifumo iliyodai kuihudumia. iPhone, Android, BlackBerry, Symbian, webOS ya Palm, Bada ya Samsung, na Windows Phone. Sisi vijana tuliisoma orodha hiyo kama mwenye njaa anavyosoma bei za hoteli. Andika mara moja, uza kila mahali!

Mwaka huohuo Microsoft ilianzisha mpango wake wa 4Afrika, na pamoja nao ikaja simu ya Huawei 4Afrika yenye Windows Phone 8. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuipata. Mteja wangu mmoja, mwenye maduka ya pembejeo za kilimo, alinunua nane kwa ajili ya mawakala wake wa vijijini. Akaniuliza kama ile programu yetu ya kuchukua oda za mbegu na mbolea itafanya kazi humo. Nikaitazama ile orodha ya PhoneGap, nikaona Windows Phone imo. Nikamwambia, "Itafanya, mzee, bila shaka."

Kuifikisha pale kulinichukua miezi mitatu. Kurasa zangu nilikuwa nimezipima kwenye Android na iPhone, ambazo vivinjari vyake vilitokana na WebKit. Windows Phone 8 ilikuja na Internet Explorer 10. Vitufe vikahama mahali pake na orodha zikakataa kuteleza. Lakini mwishowe ilifanya kazi, nikalipwa, nikajipongeza.

Kosa langu lilikuja baadaye. Kila nilipotoa toleo jipya nililipima kwenye Android, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo mfukoni. Zile simu nane nikawa nazisahau. Mwaka 2015 nilibadilisha namna programu inavyotuma oda kwenye seva, nikapima kwenye Android, nikaona safi. Kwenye Windows Phone oda hazikwenda popote. Zilibaki ndani ya simu, kimya, bila hata ujumbe wa kosa, kwa sababu ujumbe wenyewe sikuuandika.

Wakala mmoja, mama wa kule Wundanyi, alinipigia akasema ofisi inadai hawaoni oda zake za wiki mbili. Nikamwambia kwa kujiamini kabisa, "Mama, iondoe hiyo programu, halafu uisakinishe upya." Akafanya nilivyomwambia. Oda arobaini na moja zikafutika, na hapakuwa na nakala mahali pengine popote. Ilikuwa karibu na mvua za vuli. Alizunguka vilima vile kwa miguu kuwauliza wakulima upya nani alitaka mbegu gani, kilo ngapi. Wengine aliwapata kwa kuchelewa, na mvua haimngoji mtu. Majirani zake walidhani amekula pesa zao.

Alikuja mpaka ofisini kwangu na ile simu. Hakunigombeza. Aliiweka mezani akaniuliza, "Mwanangu, si ulituambia hii nayo inafanya?"

Swali hilo sikuwa na la kulijibu, na mpaka leo nikiona neno "inafanya kazi kwenye" kwenye ukurasa wa zana yoyote namsikia yule mama. Windows Phone yenyewe haikudumu. Microsoft iliacha kuhudumia toleo la 8.1 Julai 2017, na mrithi wake, Windows 10 Mobile, akazikwa Januari 2020. Lakini siwezi kuisingizia Microsoft oda zile arobaini na moja. Siku zilipopotea mfumo ulikuwa hai. Aliyekuwa amelala ni mimi.

Basi ndiyo sababu nilimkatalia kijana wa Guangzhou haraka hivyo. Nilijiona nimekomaa. Siku mbili baadaye nikaanza kujishuku.

Hebu kwanza tuufahamu huu mfumo. Mei 2019 serikali ya Marekani iliiweka Huawei kwenye orodha ya kampuni zinazowekewa vikwazo vya biashara, na simu zake mpya zikakosa huduma za Google, ikiwemo Play Store. Agosti mwaka huohuo Huawei ikautangaza HarmonyOS. Matoleo ya mwanzo ya simu bado yaliendesha programu za Android, kwa hiyo wasanidi wengi hawakushughulika. Oktoba 2024 likatoka rasmi toleo lililoitwa HarmonyOS NEXT, au HarmonyOS 5, ambalo liliikata kamba hiyo. Faili ya APK haisakiniki humo moja kwa moja. Programu zake huandikwa kwa lugha ya ArkTS, iliyojengwa juu ya TypeScript.

Huku kwetu huenda hujaiona. Hadi 2025 simu za Huawei zilizouzwa nje ya Uchina ziliendelea kutumia EMUI, ambayo msingi wake ni Android. Mtu angeweza kusema basi hayatuhusu. Lakini shati ulilovaa huenda lilipitia Guangzhou, na karani anayeandika jina la mzigo wako anayo simu hiyo mkononi.

Halafu nikakumbuka jambo jingine. Simu yangu ya kwanza ya Android ilikuwa Huawei IDEOS, ile ndogo iliyouzwa hapa mwaka 2011 kwa takriban shilingi 8,000. Ndiyo iliyowafungulia Wakenya wengi mlango wa simu za kisasa, mimi nikiwemo. Na hiyo Android yenyewe ilikuwa nani? Mwaka 2008 ilitoka na simu moja tu, HTC Dream, wakati huku kwetu kila mfuko ulikuwa na Nokia. Kama kila mtunza zana angesema "nitangoja nione kama itadumu", Android ingeingia sokoni bila programu, bila programu isingepata watu, na bila watu hakuna ambaye angeiandikia programu. Tungebaki na wakubwa walewale wa siku zile.

Leo wakubwa ni wawili, Android na iOS. Mambo ya 2019 yalituonyesha kwamba huduma za mmoja wao zinaweza kuondolewa kwenye simu kwa uamuzi wa serikali iliyo mbali na sisi. Simwombei mtu yeyote mabaya, wala sina hisa Huawei. Lakini zana ikiwafungia mlango wageni wote, inakuwa mlinzi wa hao wawili bila hata kulipwa mshahara.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshikwa pande zote. Nikisema ndiyo, namwona mama wa Wundanyi. Nikisema hapana, nawaona makarani wenye kalamu.

Kilichonifungua ni kutazama zana zenyewe zilivyojengwa. Flutter, ambayo Google iliitoa toleo la 1.0 Desemba 2018, haitumii vitufe na orodha za mfumo wa simu. Inachora kila kitu yenyewe. Inachohitaji kutoka kwa mfumo ni vitu vichache: eneo la kuchorea, taarifa kwamba kidole kimegusa hapa, herufi zinazotoka kwenye kibodi, na kadhalika. Kipande kinachoviomba vitu hivyo kimetengwa na injini. Anayetaka Flutter iende kwenye mfumo wake anaandika kipande hicho, na sehemu kubwa iliyobaki anaikuta tayari. React Native ina njia tofauti, maana yenyewe hutumia vitufe halisi vya mfumo, kwa hiyo kazi ya kuihamisha ni kubwa zaidi. Lakini nayo inaruhusu mfumo mpya kuchomekwa kutoka nje.

Na hivyo ndivyo wenye mifumo walivyofanya. Samsung ilipotaka Flutter kwenye Tizen haikukaa kuisihi Google iwaandikie. Iliandika yenyewe na inaitunza yenyewe, pembeni. Sony ilifanya vivyo hivyo kwa vifaa vyake vya Linux. Microsoft ndiyo inayotunza React Native ya Windows. Kwa upande wa HarmonyOS, lipo tawi la Flutter linalotunzwa na watu wa OpenHarmony, ule msingi huria ambao Huawei ilianza kuukabidhi kwa taasisi ya OpenAtom mwaka 2020. React Native nayo ina tawi lake huko.

Mnaona gharama inakaa wapi? Mwenye mfumo ndiye mwenye simu, ndiye mwenye wahandisi, ndiye anayejua mapema nini kitabadilika toleo lijalo. Yeye ndiye abebe mzigo wa kuufikisha mfumo wake kwenye zana. Wajibu wa mwenye zana ni kuijenga nyumba yake kwa namna ambayo mgeni anaweza kuongeza chumba bila kubomoa ukuta wa sebule.

Nisiifanye ionekane rahisi kuliko ilivyo. Tawi la nje hufuata matoleo ya shina kwa kuchelewa. Leo unatumia kitu kizuri cha toleo jipya, halafu unakuta kule tawini hakijafika. Na kuna shida kubwa zaidi, ambayo ndiyo iliyomkuta kijana wangu: injini ikishafika, plagini hazijafika. Kamera, ramani, malipo, Bluetooth, kila kimoja kina msimbo unaozungumza na mfumo moja kwa moja, na kila kimoja lazima kiandikwe upya. Plagini nyingi hutunzwa na watu kama mimi, mtu mmoja mwenye kazi nyingine mchana. Kampuni kubwa inaweza kuihamisha injini kwa nguvu za pesa. Haiwezi kuniamsha mimi saa nane za usiku.

Nikaufungua msimbo wangu niutazame kwa macho mapya. Printa hizi nyingi hufuata amri za ESC/POS zilizoanzishwa na Epson. Ukiituma namba 27 na 64, printa inajiweka upya tayari kwa kazi. Amri nyingine inakoza maandishi, nyingine inayaweka katikati. Kuzipanga namba hizo hakuna uhusiano wowote na mfumo wa simu. Ni hesabu tupu, inayofanana kwenye Android, iPhone, au simu itakayotoka mwakani. Kinachohitaji mfumo ni mambo matatu tu: kuomba ruhusa ya Bluetooth, kuifungulia printa njia, na kusukuma namba. Lakini kwa uvivu wangu wa miaka mingi nilikuwa nimeyachanganya yote. Nusu ya kupanga risiti ilikuwa ndani ya msimbo wa Android, na nusu nyingine nimeirudia kwenye msimbo wa iPhone.

Nikacheka peke yangu. Hapa kwetu tumekuwa na mfano mzuri tangu Machi 2007. M-Pesa ilipoanza haikuuliza una simu ya aina gani. Ilikaa ndani ya laini, ikafanya kazi kwenye kimulimuli cha bibi sawasawa na kwenye simu ya meneja. Kadiri unavyoweka mambo machache mikononi mwa mfumo wa simu, ndivyo mfumo mpya unavyokutisha kidogo.

Tangu 2019 Flutter ina utaratibu wa kuigawa plagini vipande: kimoja kinachosema plagini inafanya nini, na vingine, kimoja kwa kila mfumo. Vipande hivi vinaweza kutunzwa na watu tofauti. Nilikuwa naufahamu utaratibu huu na sikuwahi kuutumia, kwa sababu mifumo ilikuwa miwili na yote ilikuwa yangu.

Nikamwandikia tena kijana wa Guangzhou. Nikamwambia, ndugu yangu, nilikujibu vibaya. Mimi siwezi kuandika kipande cha HarmonyOS, na hata nikikiandika nitakuwa nimekudanganya, kwa sababu sina simu ya kukipimia. Lakini wewe unayo. Nipe wiki tatu niitenganishe plagini. Baada ya hapo kitakachobaki ni kipande kidogo, ukiandike wewe, kiwe na jina lako. Nitakusaidia kila utakaponiuliza. Sharti langu ni moja: kwenye ukurasa wa plagini hatutaandika tu kwamba inahudumia HarmonyOS. Tutaandika nani anakitunza kipande hicho, kilipimwa lini mara ya mwisho, na kwenye simu gani. Miezi sita ikipita bila kupimwa, jina la mfumo linaondoka kwenye orodha.

Alijibu kwa neno moja: "Tayari."

Wiki tatu zikawa saba, ndiyo sababu ya kimya changu. Katika kutenganisha nikakuta kasoro mbili upande wa iPhone ambazo zilikuwa zimejificha miaka yote, kwa hiyo hata wasioijua HarmonyOS wamefaidika. Yeye kule alihangaika na ruhusa za Bluetooth siku nne, akanitumia picha za printa ikitoa alama za ajabu ajabu, tukagundua tulikuwa tunasukuma namba kwa haraka kuliko printa inavyomeza. Mwezi uliofuata akanitumia picha ya lebo moja imebandikwa kwenye boksi. Maandishi yamenyooka: MOMBASA, 1/3.

Sasa nirudi kwenye swali. Je, zana za kutengenezea programu zihudumie mfumo mpya wa simu? Jibu langu ni kwamba mlango uwe wazi kila wakati, hata kwa mfumo ambao hatujui kama utadumu. Lakini jina la mfumo lisiandikwe mlangoni mpaka awepo mtu anayeitwa kwa jina, mwenye simu hiyo mkononi, aliyekubali kuamshwa siku mambo yakiharibika. Kuhudumia mfumo ni ahadi kwa mtu aliye mwisho wa njia, ambaye hatasoma msimbo wako wala kujua kwamba mfumo wake ulikuwa wa saba kwenye orodha.

Huenda HarmonyOS ikakua ikafika mpaka Voi. Huenda ikafuata njia ya Windows Phone. Ikifa, kipande chake kitaondolewa na plagini itabaki nzima, na tutawaambia watumiaji miezi kadhaa kabla, wahamishe data zao. Hilo la mwisho nimeliandika kwenye maelezo ya plagini kwa herufi nzito.

Yule mama wa Wundanyi bado ni wakala, siku hizi na simu ya Android. Tulipokutana sokoni mwaka jana aliniuliza kama bado natengeneza zile programu. Nikasema bado, mama. Akasema, "Basi siku hizi unazijaribu kwanza?"

Ninazijaribu, mama.

Nikomee hapo kwa leo. Makala ijayo, Mungu akipenda, nitaeleza hatua kwa hatua nilivyoigawa plagini, kwa wale wanaotaka kufanya hivyo kwenye zao. Kwaherini kwa sasa.